Mti Ukuao Polepole



Katika Injili ya Luka, sura ya 13, kuanzia mstari wa 6, Bwana wetu anatusimulia habari za mtu aliyekuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Alikuja kutafuta matunda, asiyapate. Miaka mitatu amekuja, na miaka yote mitatu amerudi mikono mitupu. Basi akamwita mtunza shamba, akamwamuru aukate mti ule, maana ulikuwa unakula nafasi ya bure. Mtunza shamba hakubishana naye, wala hakudai kwamba mtini ule ni mwema. Aliomba mwaka mmoja tu, apate kulima kuzunguka shina na kutia mbolea. Hadithi inakoma hapo. Hatuambiwi kama mwaka uliofuata mtini ulizaa au haukuzaa.

Mfano huu husomwa katika majira ya Kwaresima, na wahubiri wengi wametufundisha kujiweka mahali pa mtini: ewe ndugu, miaka yote hii umezaa nini? Ni swali la haki, na kila mmoja wetu hana budi kulijibu mbele za Mungu. Lakini leo naomba tuutazame mfano huu kwa upande wake wa pili. Naomba tulitazame shoka, na mkono ulioshika shoka. Maana katika nyumba zetu, katika shule zetu, na hata humu kanisani, si kila siku sisi ni mtini. Siku nyingine sisi ndio tusemao, Kata.

Kazi yangu yote ya maisha imekuwa ualimu, na mwalimu hapendi kufundisha bila kielelezo. Kwa kuwa Bwana mwenyewe alitumia mti, na mimi nitatumia miti.

Wako kati yetu waliotoka Mufindi, nao wanaijua vizuri misindano ya Sao Hill, ile miti mirefu iliyopandwa kwa mistari, yenye majani membamba kama sindano. Mti ule hupandwa, na baada ya miaka 20 au 25 hivi huwa tayari kupasuliwa mbao. Nyumba nyingi za Mbagala, Tandika na Kimara zimeezekwa juu ya mbao za namna hiyo. Sasa, msindano ule wa haraka unao ndugu yake wa ukoo mmoja, aishiye mbali sana, katika milima mikavu ya California na Nevada, huko Marekani. Biblia yetu huitaja miti ya jamii hii kwa jina la misonobari, basi nami nitauita msonobari wa mlimani. Msonobari huu ni kati ya viumbe wenye umri mkubwa kuliko wote duniani. Mmoja wao, ambao wataalamu wameupa jina la Methusela, umekwisha kupita miaka 4,800, na ungali hai.

Hebu tuufikirie umri huo. Methusela wa kitabu cha Mwanzo aliishi miaka 969, na mti huu umeishi karibu mara tano ya miaka yake. Bwana wetu alipozaliwa Bethlehemu, msonobari huo ulikuwa umekwisha kusimama zaidi ya miaka 2,700. Wataalamu wengi humweka baba yetu Ibrahimu yapata miaka 4,000 iliyopita. Basi siku ile alipoambiwa atazame nyota, mti huu ulikuwa tayari ni mzee wa karne nyingi.

Mtu angedhani kwamba mti wa namna hiyo umekulia mahali pa neema, penye udongo mweusi na mto karibu. Sivyo hata kidogo. Miaka ya 1950 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Arizona, aitwaye Edmund Schulman, alipanda milima ile ili kusoma umri wa miti. Katika nchi zenye majira ya baridi, mti huongeza pete moja ndani ya shina lake kila mwaka, pana mwaka wa mvua na nyembamba mwaka wa ukame. Hesabu pete, nawe utajua miaka. Schulman hakukata miti ili kuihesabu. Alitumia keekee ndogo, akatoa kijiti chembamba kuliko penseli toka gamba hadi kiini, akasoma pete katika kijiti hicho, na mti ukabaki umesimama. Kwa njia hiyo alitambua umri wa Methusela mwaka 1957. Alifariki Januari 1958, akiwa na miaka 49 tu, na makala yake iliyowafahamisha watu wengi habari za misonobari hiyo ilichapwa mwezi Machi mwaka huohuo, yeye akiwa amekwisha kuzikwa.

Jambo alilolikuta ndilo ninalotaka tulishike. Misonobari mikongwe kuliko yote haikuwa katika udongo ulio bora. Ilikuwa juu ya mwamba mweupe wa namna ya chokaa, usio na rutuba, karibu mita 3,000 juu ya bahari. Sisi wa Dar es Salaam twapata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Huko hawapati zaidi sana ya 300, na nyingi yake huanguka kama theluji. Upepo ni mkali, baridi ni kali, na majira ya kukua ni majuma machache tu katika mwaka. Msonobari wa hapo huweza kukaa miaka 100 ukaongeza unene wa sentimita mbili na nusu peke yake. Na ile iliyopata udongo mzuri chini kidogo hukua kwa haraka, hunenepa, na kufa mapema.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu zake si za kimuujiza. Mti ukuao polepole hufanya mti mgumu wenye utomvu mwingi, hata wadudu na kuoza havipati njia. Na kwa kuwa mahali pale ni pakame, miti husimama mbalimbali na nyasi ni chache, hivyo moto ukizuka haupati kwa kupitia. Shida ileile iliyouchelewesha mti ndiyo iliyoukinga.

Tena liko jambo la pili. Ukiutazama msonobari mkongwe, utadhani umekufa. Sehemu kubwa ya shina lake ni mti mkavu, uliochongwa na upepo mpaka ukawa mweupe kama mfupa. Lakini ukizunguka upande wa pili, utakuta ukanda mmoja wa gamba lililo hai, pengine mwembamba tu, unaopanda toka mzizi mpaka tawi moja lenye majani mabichi. Kwa ukanda huo mti unaishi, na juu ya tawi hilo bado unatoa mbegu ziotazo. Mwandishi wa Zaburi ya 92 alimlinganisha mwenye haki na mtende na mwerezi, kisha akasema habari za wale wasiokoma kuzaa hata katika uzee wao. Nadhani angeuona msonobari huu, angeutia katika zaburi yake.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwaka 1964. Katika mlima mmoja wa Nevada palikuwa na msonobari mwingine wa jamii hiyo. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alikuwa akichunguza hali ya hewa ya zamani, naye alitaka kujua umri wake. Keekee yake haikufaulu kutoa kijiti alichokihitaji. Akaomba ruhusa kwa wasimamizi wa msitu, nao wakampa, na mti ukakatwa. Pete zilipohesabiwa, zilizidi 4,800. Katika miti yote iliyokuwa imewahi kuhesabiwa hadi siku ile, haukuwako uliokuwa mkongwe kuliko huo, na waliujua ukuu wake kwa kuuangusha. Baadaye, mwaka 1986, eneo lile lilifanywa kuwa hifadhi ya taifa, na watu wengi wanaamini kwamba majuto ya mti ule yalisaidia jambo hilo.

Sikuleta habari hii ili tumhukumu mwanafunzi yule. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kujua jambo la kweli, na alikuwa na ruhusa mkononi. Hapo ndipo penye hofu yangu. Watu wengi wakatao si watu wabaya. Wana haraka ya kujua, na wana ruhusa.

Msidhani mambo haya ni ya Marekani tu. Ukisafiri kwa basi kwenda Moshi, ukishapita Mombo, utafika mahali paitwapo Mkumbara, na kulia kwako imesimama milima ya Usambara kama ukuta. Juu ya ukuta huo ni Shume. Huko ndiko uliko mti wetu wenyewe wa mlimani, mwangati, ambao wazungu huuita mwerezi, ijapokuwa kwa ukoo si mwerezi wa Lebanoni. Nao ni mti wa polepole, wa kuhesabiwa kwa mamia ya miaka, wenye harufu nzuri na usioliwa na mchwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati wa utawala wa Wajerumani, kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga kiwanda cha mbao huko juu, ikatandika waya za chuma toka Shume hadi Mkumbara, na magogo yakateremka yakining'inia hewani juu ya magenge mpaka kwenye reli ya Tanga. Mengi yalikwenda Ulaya kutengenezwa penseli. Leo sehemu kubwa ya Shume imepandwa misindano na miti mingine ya kigeni ikuayo upesi.

Mimi kama mwalimu siwezi kuilaani penseli, nimekula mkate wangu kwa hiyo. Lakini hesabu yake yanisumbua. Mti uliochukua karne kukua, hushushwa mlimani kwa siku moja, na penseli yake huisha katika muhula mmoja. Kukua kuna kipimo chake, na kukata kuna kipimo chake, na vipimo hivyo havilingani hata kidogo.

Na Kanisa letu hili lilikuaje? Mnakumbuka kwamba wamisionari wa Vyuo Vikuu, yaani U.M.C.A., walifika kwanza katika nchi ambayo leo ni Malawi, mwaka 1861. Mwaka uliofuata askofu wao, Mackenzie, alikufa kwa homa, na wengine baada yake. Askofu Tozer alipokuja akaiondoa misheni kule, akaihamishia Unguja mwaka 1864, na wako waliomlaumu sana, Livingstone mwenyewe akiwa mmojawapo. Unguja alianza na nini? Alianza na wavulana watano waliotolewa utumwani, aliopewa na Sultani. Watano tu! Mmoja wa wavulana hao, John Swedi, akafanywa shemasi mwaka 1879. Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre, Cecil Majaliwa, aliupokea mwaka 1890. Na Kanisa la Tanzania lilipofanywa jimbo lake lenyewe, likapata Askofu Mkuu wake wa kwanza, John Sepeku, ilikuwa ni mwaka 1970. Toka wavulana watano hadi Askofu Mkuu ni miaka 106. Kama mwenye shamba angekuja na shoka mwaka wa tatu, mwaka 1867, angekuta nini? Angekuta watoto wachache wanaojifunza kusoma. Naye angesema kwa haki kabisa kwamba hapa hamna matunda. Sisi tunaokusanyika leo Kinondoni na Temeke tumekaa chini ya mti ambao wengine waliuvumilia.

Baada ya kusema hayo yote, nataka tuingie nyumbani.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, katika mitaa yetu hukatwa miti mingi kwa siku moja. Mzazi hutazama jina la mwanawe, akaona sufuri, akasema mbele ya mtoto na mbele ya majirani, "Juu ya huyu sitapoteza tena shilingi yangu." Toka siku hiyo mtoto yule haulizwi amekula wala amekwenda wapi. Ndugu zangu, mtihani ni kitu chema, nami nimetunga na kusahihisha mingi. Lakini mtihani ni kama ile keekee nyembamba ya Schulman. Kazi yake ni kutoa kijiti kidogo ili tujue mtoto yu wapi na anahitaji nini. Ukiufanya kuwa shoka, utapata jibu lako, na mtoto utakuwa umemwangusha.

Katika chuo cha ualimu nilikofundisha palikuwa na mwanachuo aliyekuwa mzito sana. Katika mazoezi ya kufundisha alisimama mbele ya darasa akanyamaza mpaka watoto wakaanza kucheka. Kikao cha wakufunzi kilikuwa tayari kumwondoa. Mkufunzi mmoja mzee, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliomba apewe muhula mmoja. Na hakuishia kuomba. Muhula ule wote, kila juma, alikwenda kukaa nyuma ya darasa la kijana yule, na jioni walikaa pamoja wakatengeneza somo la kesho yake. Kijana yule aliendelea kuwa mpole na mtaratibu maisha yake yote. Alistaafu akiwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kila Januari wazazi walikuwa wakishindana ili watoto wao wawekwe kwake, maana alijua kumngojea mtoto. Upole ule tuliouona kuwa udhaifu ndio uliokuwa karama yake.

Liko na jambo zito zaidi, na sina budi kulisema, ijapokuwa baadhi yenu mtanikasirikia. Kwa miaka mingi, katika nchi yetu, msichana aliyepata mimba akiwa shuleni aliondolewa, na shule ya serikali haikumpokea tena. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba aweza kurudi masomoni baada ya kujifungua. Hivyo mlango wa shule umefunguliwa. Nawauliza wazazi wenzangu: milango ya nyumba zetu je? Ni wasichana wangapi katika mitaa yetu ambao shule ingewapokea, lakini baba amekwisha kusema neno lake, na neno la baba halirudi? Na humu kanisani je? Msichana huyo huzuiwa ushirika, jina lake husomwa, kisha hakuna aendaye kumwona. Yule aliyempa mimba, asipojulikana, pengine Jumapili anaimba katika kwaya. Shoka letu lina macho ya upande mmoja.

Najua nitaulizwa, "Mwalimu, wataka tuache kila kitu kiende kinavyokwenda? Dhambi isiitwe dhambi? Mvivu asiambiwe kuwa ni mvivu?" La, hasha. Turudi katika Luka 13, tumtazame mtunza shamba. Hakuomba mwaka ili akalale kivulini. Aliomba mwaka ili apate kazi: achukue jembe, alime kuzunguka shina, abebe samadi kwa mikono yake. Subira isiyo na jembe ni uvivu wetu sisi tuliouvika joho. Tena alikubali kwamba hesabu ipo, na mwenye shamba anayo haki ya kuuliza tena. Alichokataa ni kukata mti ambao bado haujalimiwa. Basi kabla hujasema juu ya mtu, Kata, jiulize: Nimemlimia lini? Nimembebea samadi gani? Mtoto aliyepata sufuri, ni usiku mangapi uliketi naye na daftari lake? Kijana aliyeacha kanisa akaingia ulevini, ni nani katika mtaa wetu aliyekwenda kumgongea mlango, na alikwenda mara ngapi?

Wala sisemi kwamba shida ni njema. Wengine husikia habari za msonobari wakafanya haraka kumwambia maskini aridhike na umaskini wake. Hilo si neno la Injili. Mungu anayo pia miti aliyoikuza katika neema. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya mti uliopatikana katika bonde moja la Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili inayojulikana katika Afrika, na umri wake unakisiwa kupita miaka 500. Huo umekulia penye udongo mzuri na mvua tele. Lakini uliishi kwa kuwa bonde lile ni la mbali na gumu kufikika, kwa hiyo shoka halikuufikia. Penye udongo mbaya na penye udongo mzuri, miti yote miwili ilihitaji jambo moja: kuachiwa wakati wake.

Na sasa neno kwa wale ambao, wakiyasoma haya, hawajioni wenye shoka bali wanajiona mtini. Yuko mama mjane wa Mtoni, auzaye maandazi alfajiri, ambaye sala yake imebaki kuwa maneno manne tu kabla ya usingizi. Yuko mzee mstaafu ambaye pensheni yake haifiki katikati ya mwezi, naye anaona imani yake ya ujanani imekauka upande mmoja. Yuko kijana ambaye wenzake wanamwambia aende huku na huku kutafuta muujiza wa siku moja, maana kanisa lenu, wasema, ni la polepole mno. Nawaambieni, Mungu haangalii upande uliokauka peke yake. Yeye huzunguka shina, akautafuta ukanda ulio hai. Maneno manne ya sala ni ukanda ulio hai. Kuja kanisani huku moyo ni mzito ni ukanda ulio hai. Mtume Petro, katika waraka wake wa pili, sura ya 3, anatuonya tusiudhanie uvumilivu wa Mungu kuwa ni kukawia. Mpapai huzaa kabla ya mwaka kwisha, na baada ya miaka michache umekwisha. Usione aibu ukiwa Mungu amekupanda kuwa mti wa namna nyingine.

Sote twajua kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Twalisema neno hilo tukiwa tumeketi, kisha tukisimama twaenda mbio. Kwa hiyo katika Kwaresima hii naomba kila nyumba ya Kikristo katika mtaa wetu itende jambo moja, wala si kubwa. Chagueni jina moja. Liwe jina la mtu ambaye ninyi, au familia yenu, au kanisa letu, limekwisha kumkata: mtoto aliyefeli, binti aliyezaa nyumbani, ndugu mlevi, mzee wa kanisa aliyekosana na wenzake akaacha kuja. Msimhubirie. Nendeni kwake na jembe. Kwa binti, jembe ni kumlelea mtoto wake saa za masomo ili apate kurudi darasani. Kwa mwanao, jembe ni kukaa naye jioni, au kumpeleka kwa fundi seremala mwenye subira. Kwa mlevi, jembe ni kumtembelea Jumamosi hii, na ile nyingine, na ile nyingine, hata akufungie mlango. Mwaka mmoja ndio alioomba mtunza shamba. Sisi tuanze na siku 40.

Na kama mwisho wa siku hizo hamkuona tunda, msishangae wala msikate tamaa. Yule mtunza shamba naye hatujaambiwa aliona nini. Twajua tu kwamba alishika jembe.

Na tuombe. Ee Bwana, Mtunza shamba mwema, uliyetuombea wakati sisi tulipokuwa hatuna tunda, uliyejinyima na kufanya kazi katika udongo wetu mgumu: utupokonye shoka tulilolishika upesi, ututie jembe mikononi. Utupe macho ya kuuona ukanda ulio hai katika kila mtu, na utupe sisi kukua kwa kipimo chako. Kwa jina lako tunaomba. Amina.

Mwalimu mstaafu, Temeke